Wadudu watano kwenye karatasi, bilioni moja kwenye damu

Mama mdogo aliamka na homa, kichwa kinagonga, viungo vinauma, nikampeleka zahanati. Baada ya kutolewa damu tukarudi kwenye benchi kusubiri, na benchi la zahanati mnalijua: majibu ya mmoja ni majibu ya wote. Karatasi yake ilikuja na namba 5. "Wadudu watano," akasema. Kijana aliyekaa kando yake akampa pole. Yeye alikutwa nao wawili. Bibi mmoja akageuka kutoka benchi la mbele, akasema watano ni wachache, mjukuu wake aliwahi kukutwa nao mia na ishirini. Tukaingia kwa daktari, tukatoka na dozi ya mseto, dawa ya malaria, vidonge 24 vya siku tatu. Njiani akanishika mkono. "Mwanangu, wadudu watano, vidonge ishirini na vinne?"

Ni swali zuri, na nimelisikia kwa sura nyingi. Kuna anayeacha dozi siku ya pili kwa hesabu kwamba wawili wake lazima wameshakufa. Kuna anayekwenda duka la dawa kuomba "kitu cha kuua wadudu" kwa ajili ya mafua. Neno hili moja, wadudu, tumelibebesha mizigo isiyofanana hata kidogo: malaria, taifodi, UTI, vidonda vya tumbo, fangasi, UKIMWI, vyote ni "wadudu". Tuufungue mzigo huo mmoja mmoja, tuanze na karatasi ya mama mdogo.

Mtaalamu wa maabara hakuhesabu damu yote. Alitoboa kidole, akadondosha tone kwenye kipande cha kioo, akalitandaza, akaliacha likauke, kisha akalipaka rangi inayofanya vitu vilivyomo vionekane kwa zambarau na bluu. Akaweka kioo chini ya hadubini akaanza kuhesabu vitu viwili kwa pamoja: seli nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, na vimelea vya malaria. Seli nyeupe zilipofika 200 akasimama. Kufikia hapo alikuwa ameshaona vimelea vitano. Hiyo ndiyo maana ya 5 kwenye karatasi: vitano kwa kila seli nyeupe 200.

Sasa tupige hesabu. Maabara huchukua kwamba mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000. Mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita, kitone kisichofikia hata ukubwa wa kichwa cha pini ya mtandio. Elfu nane gawanya kwa mia mbili unapata 40. Zidisha kwa vimelea vitano, unapata 200 katika kitone hicho kimoja. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, yaani vitone kama hivyo milioni 5. Mia mbili mara milioni tano ni bilioni moja. Mama mdogo alikuwa na vimelea takriban bilioni moja siku ile aliyoambiwa anao watano. Vidonge 24 havikuwa vingi.

Karatasi nyingine hazina namba bali alama za kujumlisha, na hapo watu husema "nina malaria mbili" au "malaria nne". Hizo nazo si idadi ya wadudu, wala si aina za malaria. Alama moja ina maana kwamba mtaalamu ameona kimelea 1 hadi 10 baada ya kupekua maeneo 100 ya kioo. Alama nne ni zaidi ya 10 katika kila eneo moja. Ukitoka moja kwenda nne, vimelea vimeongezeka zaidi ya mara mia.

Hata hivyo hesabu hiyo peke yake haisemi mgonjwa ana hali gani. Mtu mzima aliyeumwa malaria mara nyingi utotoni anaweza kuwa na vimelea vingi na bado akaenda shambani. Mtoto mdogo anaweza kuzidiwa na namba inayoonekana ndogo. Tena vimelea vya aina inayoua zaidi, Plasmodium falciparum, vikikomaa huifanya seli iliyovibeba inate kwenye kuta za mishipa midogo ndani kabisa ya mwili, kwa hiyo damu ya kidole haivionyeshi vyote. Kwa sababu hiyo lile shindano la benchini, la nani ana wengi, halimsaidii mtu.

Basi hao "wadudu" ni nini?

Mdudu hasa ni mnyama mwenye miguu sita: mbu, mende, siafu, nyuki. Mwili wake umejengwa kwa mamilioni ya seli. Seli ni chumba kidogo kabisa cha uhai. Kina ukingo wake, kina chakula chake, kina maelekezo yake ya kurithi, na kinaweza kujigawa kikawa viwili. Mwili wako una seli takriban trilioni 30. Kimelea cha malaria ni seli moja. Hakina miguu, mdomo wala tumbo. Seli moja hiyo ndiyo kiumbe kizima.

Ukubwa wake hauingii akilini mpaka tuukuze. Chukua seli nyekundu ya damu, ambayo ni duara bapa lililobonyea katikati, uikuze mpaka iwe kama chapati. Kwa kipimo hichohicho, mama mdogo akilala chini kichwa kikiwa Kariakoo, miguu itafika mbele ya Kibaha. Mbu atakuwa mrefu kuliko uwanja wa mpira. Kimelea cha malaria kichanga kitakuwa kama bangili ya mtoto iliyolazwa ndani ya chapati, na kweli chini ya hadubini kinaonekana kama pete yenye kito kimoja. Bakteria atakuwa mkubwa kiasi cha tende nono. Kirusi kitakuwa punje ya mtama. Tende na mtama kuziita jina moja na mbu mwenye urefu wa uwanja wa mpira, kwa kweli tunajichanganya wenyewe.

Kimelea cha malaria kiko katika kundi la protozoa, viumbe wa seli moja ambao seli yao, kama zetu, ina kiini, yaani kifuko kinachotunza maelekezo ya kurithi. Amiba wa tumboni naye yumo humo. Mtu wa kwanza kukitambua kwenye damu ya mgonjwa alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, huko Algeria mwaka 1880. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona ndani ya tumbo la mbu, na hapo ndipo njia yake ilipoanza kueleweka.

Njia yenyewe inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana kimelea hiki hubadilika umbo kama kiluwiluwi anavyogeuka chura, tena zaidi ya mara moja. Mbu jike aina ya Anofelesi akikuuma, huingiza pamoja na mate yake vimelea vichache vyembamba kama uzi. Kwa muda mfupi tu vinafika kwenye ini na kujificha ndani ya seli zake. Hapo huna homa, huna dalili, kipimo cha damu hakioni kitu. Karibu wiki nzima kinazaliana huko, na seli moja ya ini ikipasuka humwaga makumi ya maelfu. Sasa vina umbo jingine, vya mviringo, na kila kimoja kinatafuta seli nyekundu ya kuingia. Seli nyekundu ni maficho mazuri kwa sababu haina kiini, wala haina njia ya kutundika nje alama ya kuwaambia askari kwamba ndani kuna mgeni. Humo kimelea hula, hukua, hujigawa. Baada ya saa 48 hivi seli inapasuka, vinatoka kama ishirini, na kila kimoja kinakwenda kwenye seli nyingine. Seli nyingi zinapopasuka kwa wakati mmoja, mwili hushtuka. Ile baridi ya kutetemeka huku jua linawaka ndiyo hiyo.

Vichache kati yao havirudii mzunguko huo. Vinageuka dume na jike, vinasubiri mbu. Mbu akinyonya, vinakutana tumboni mwake, na huchukua siku kumi au zaidi kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza mtu. Maisha ya mbu ni mafupi, wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Chandarua chenye dawa, mbali na kumzuia mbu asikuume, humuua kabla vimelea havijakomaa ndani yake. Ndiyo maana nyumba nyingi za mtaa zikitumia chandarua, hata jirani asiyenacho hupata nafuu.

Bakteria, na siri ya tairi

Bakteria pia ni seli moja, ila ya muundo mwingine. Haina kiini, maelekezo yake ya kurithi yanaelea ndani. Wengi wao wana kitu ambacho sisi hatuna, ukuta mgumu kuzunguka seli. Kifua kikuu, kipindupindu, taifodi, kaswende na UTI nyingi husababishwa na bakteria.

Ukitaka kuelewa antibayotiki, angalia gurudumu la baiskeli. Tyubu imejaa upepo, inasukuma kwenda nje, na haipasuki kwa sababu tairi imeibana. Kata tairi upande mmoja, tyubu itavimba kama jipu pale palipokatwa, halafu itapasuka kwa kishindo. Bakteria yuko hivyohivyo: ndani maji yanasukuma, nje ukuta unabana. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, na ndugu yake amoksilini, humzuia bakteria asiunganishe vipande vya ukuta wake anapokua. Ukuta unabaki na mianya, shinikizo la ndani linammaliza. Seli zako hazina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo dawa inampiga yeye inakuacha wewe. Antibayotiki nyingine zinalenga vitu vingine, kwa mfano mtambo wa bakteria wa kutengeneza protini, lakini kanuni ni ileile: tafuta alicho nacho yeye ambacho wewe huna.

Na hapo unaona kwa nini amoksilini haitibu malaria, kwani kimelea cha malaria hakina tairi ya kukatwa. (Doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, husaidia kukinga malaria, na sababu yake inanivutia sana: ndani ya kimelea kuna masalia ya mwani ambao babu yake wa kale aliumeza, na masalia hayo bado yana mtambo unaofanana na wa bakteria.)

Bakteria ana kasi. Wengine, wakipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa kila baada ya dakika 20. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne. Acha ubwabwa mezani saa mbili usiku ambamo ameingia mmoja wa namna hiyo, kufikia saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amejigawa mara 30, na hiyo inapita bilioni moja.

Lakini wengi wao hawana ubaya na wewe. Idadi ya bakteria waliomo mwilini mwako inakaribia idadi ya seli zako mwenyewe, na wengi wako kwenye utumbo mpana. Wanasaga mabaki ambayo tumbo limeshindwa, wanatengeneza baadhi ya vitamini, na wanakalia nafasi ambayo waharibifu wangeikalia. Maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya kabisa. Zipo kwa ajili ya bakteria wa tumboni mwake. Mtindi ni kazi ya bakteria. Ukimeza antibayotiki bila sababu ni kama kufyeka shamba zima kwa ajili ya gugu ambalo halimo, na shamba lililofyekwa kinachoota kwanza mnakijua. Wengi hupata kuhara baada ya dozi, au fangasi sehemu za siri, kwa sababu hiyo.

Nikiwa hapa kwenye bakteria, lazima niseme kuhusu taifodi. Kipimo cha damu cha Widal, kile kinachotoa majibu kama 1:80 au 1:160, hakionyeshi bakteria. Kinaonyesha kingamwili, yaani kumbukumbu ya askari wako kwamba wamewahi kukutana na adui wa namna hiyo. Kumbukumbu inaweza kuwa ya mwaka juzi, inaweza kuwa ya bakteria mwingine anayefanana naye. Ndiyo sababu kuna watu "wana taifodi" kila mwezi. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara na kumwona bakteria mwenyewe akikua. Kinachukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali, ila kujua tofauti hiyo kunampa mtu haki ya kumuuliza daktari.

Kirusi ni karatasi ndani ya bahasha

Kirusi si seli. Hakili, hakipumui, hakijigawi. Ni maelekezo ya kurithi yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, basi. Fikiria fundi cherehani ambaye hushona chochote alichoandikiwa. Usiku mtu anapenyeza chini ya mlango karatasi yenye vipimo na agizo: "Shona bahasha kama hii, weka ndani nakala ya karatasi hii, rudia." Asubuhi fundi anaacha magauni ya wateja anaanza kushona bahasha, mpaka vitambaa vinaisha na duka linafungwa. Fundi ni seli yako, karatasi ni kirusi. Ukiiacha karatasi hiyo barabarani haifanyi kitu. Wanasayansi hawajakubaliana hata leo kama kirusi kiitwe kiumbe hai.

Sasa tafuta tairi ya kukata kwenye bahasha. Haipo. Mtambo wa protini wa kuvurugwa haupo pia, maana kirusi kinaazima wa kwako. Kwa hiyo antibayotiki haigusi mafua, surua, dengi wala korona. Dawa za virusi zipo, lakini kila moja imetafutiwa mahali pake pa kushika: ARV, kwa mfano, hulenga vifaa vichache ambavyo VVU huja navyo mwenyewe, kama kile anachotumia kunakili maelekezo yake. Na kamasi kugeuka njano au kijani si ushahidi kwamba sasa ni bakteria. Rangi hiyo inatokana na askari weupe waliokusanyika puani, na hukusanyika kwa mafua ya kawaida pia.

Mfano ulio karibu nasi ni chikungunya. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule, na jina lake ni la Kimakonde, la mtu kukunjika kwa maumivu ya viungo. Unaletwa na mbu, una homa, viungo vinauma. Dalili ni kama za malaria, lakini kinachousababisha ni kirusi, na mbu wake ni Aedes anayeuma zaidi mchana, anayezaliana kwenye makopo, matairi na ndoo za maji karibu na nyumba. Dengi nayo iko hivyo, na Dar es Salaam iliiona mwaka 2014 na tena 2019. Watu waliokuwa na dengi walikunywa mseto, haukuwasaidia, wakasema malaria imekuwa sugu. Mseto haukuwa na kosa, kimelea chake hakikuwemo.

Fangasi niwataje kwa ufupi. Hamira inayoumua maandazi ni fangasi, uyoga ni fangasi, mapunye kichwani mwa mtoto ni fangasi. Kwa ukoo, fangasi wako karibu na wanyama kuliko walivyo karibu na bakteria, hivyo seli zao zinafanana na zetu kwa mengi na dawa zao ni chache zaidi. Minyoo ni wanyama kamili wenye misuli, na wengi wao wana utumbo. Kuwaita wadudu si kosa kubwa sana.

"Mwili wangu umezoea dawa"

Hili nalisikia kila siku, na linahitaji kunyooshwa. Anayezoea si mwili wako. Kati ya vimelea bilioni moja, hawafanani wote. Kila kimoja kinaponakili maelekezo yake, makosa madogo huingia. Moja kati ya makosa hayo linaweza kumfanya kimelea asidhurike na dawa. Fikiria wavuvi wanaotumia wavu wenye matundu ya ukubwa uleule miaka yote: samaki wanaopenya ndio wanaobaki kuzaa, na kizazi kinachofuata kinajaa wanaopenya. Samaki hawakujifunza, waliobaki ndio hao. Hivyo ndivyo klorokwini ilivyotutoka mikononi. Dawa iliyokuwa kwenye kila kabati ilishindwa, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikaenda kwenye dawa nyingine, SP, ambayo nayo haikudumu; miaka michache baadaye tukaingia kwenye mseto. Unaitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, nyavu mbili za matundu tofauti. Kimelea kinachopenya ya kwanza hukutana na ya pili, ilimradi mtu ameimeza dozi yote. Yule anayeacha siku ya pili kwa sababu "wawili wamekufa" ametoa wavu majini samaki bado wamo.

Wiki mbili baada ya siku ile, mama mdogo aliumwa tena kichwa, pua imeziba, kifua kinawasha. Alipima kwa kile kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea. Akanipigia: wadudu hawajafa. Lakini kipimo hicho hakitafuti kimelea, kinatafuta protini ambayo kimelea huimwaga kwenye damu, na protini hiyo huweza kubaki wiki kadhaa baada ya vimelea vyote kufa, kama majivu kwenye jiko lililozimwa. Tukarudi kwenye hadubini. Mtaalamu akapekua kioo taratibu, eneo kwa eneo, hakuona kimelea hata kimoja. Ilikuwa mafua. Siku ya tatu kamasi zikageuka njano, akaniuliza kama anywe antibayotiki za mjukuu zilizobaki kabatini. Nikamweleza habari ya askari weupe. Akaendelea na maji ya moto na parasetamoli, na mwisho wa wiki alikuwa mzima.